Kipupwe cha Wastani

Ofisini walimwita Bi Kinyaa, na jina hilo hakulikasirikia kwa sababu lilikuwa la haki. Hakuna kikombe cha ofisi alichokinywea bila kukisuuza mara mbili, hakuna kitasa alichokishika bila leso, na akiona utando wa maziwa umeganda juu ya chai ya mtu mwingine alihama meza. Walimcheka kama wanavyochekwa watu wa aina yake kila mahali. Wasichokijua ni kwamba vikombe na vitasa vilikuwa mambo madogo. Kilichomtia kichefuchefu kweli kweli, hata asubuhi nyingine akasimama nje ya jengo akivuta pumzi kabla ya kuingia, ni neno moja tu: kawaida.

Idara ya hali ya hewa ilikuwa na maneno matatu ya kutabiria joto la msimu: juu ya kawaida, kawaida, na chini ya kawaida. La nne halikuwapo. Kila mwaka kabla ya kipupwe kuingia, wataalamu walikusanyika ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye zulia lililowahi kuloweshwa na bomba lililopasuka, na tangu siku ile linanuka soksi. Walibishana, wakanywa chai, kisha Mkurugenzi akachagua neno moja la nchi nzima. Mkurugenzi huyo alilipenda neno la katikati. Ukisema kawaida, aliwaambia, hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Kawaida, na huenda jina alilijua na likamfurahisha.

Bi Kinyaa yeye alikuwa mtabiri wa kipupwe. Alizaliwa nyanda za juu za kaskazini, katika mji ambao watu huusema upepo wa msimu wa baridi kama wanavyomsema jirani mgomvi. Mama yake alijaza magodoro ya sufi kwenye karakana isiyo na dirisha, na vumbi lile likamkaa kifuani. Utotoni Bi Kinyaa alilala akisikia kifua kile kikipiga mluzi chumba cha pili. Mwaka mmoja maji yaliganda ndooni ndani ya nyumba, mama akashindwa kuinuka kitandani kwa wiki nyingi. Mwaka uliofuata walikaa kibarazani jioni bila sweta. "Kwa nini?" mtoto akauliza. "Si upepo ni uleule?" Mama akamjibu kwamba akikua aende akawaulize waliosoma. Akaenda, akauliza, na mwisho akawa yeye ndiye wa kuulizwa.

Jibu alilolipata ni kwamba nchi yao ina vipupwe viwili vinavyotumia jina moja. Baridi ya kaskazini haizaliwi nchini. Inazaliwa mbali, katikati ya bara kubwa lililo kaskazini zaidi, ambako theluji ikitanda mapema ardhi hupoa, na hewa iliyolala juu yake huwa nzito na kujirundika. Juu zaidi angani kuna mkanda wa upepo unaoizunguka ncha ya dunia. Mkanda ukikaza, baridi hubaki hukohuko. Ukilegea, humwagika kama maji ya sufuria iliyoinamishwa, na watu wa nyanda za juu ndio wa kwanza kulowa. Kusini ni habari nyingine. Kusini hufuata bahari: maji ya upande wa mbali wa bahari kuu yakipata joto kupita kiasi, pepo za msimu hupoteza nguvu, na kipupwe cha kusini hubaki jina tu. Mambo haya mawili hayajuani. Mwaka huu huenda pamoja, mwaka kesho kila moja lina njia yake. Bi Kinyaa aliyafuatilia tangu ujana, akasimama mbele ya wageni akayaeleza, na Idara ikampigia makofi, kisha ikaendelea kuchukua kaskazini na kusini, ikavijumlisha na kugawa kwa mbili.

Kwake halikuwa jambo la vitabu. Daktari wa kifua alisema wazi: kipupwe kikiwa cha kawaida mama anaweza kubaki kwake, lakini mwaka wa baridi kali ashushwe kusini mapema, maana mapafu yake hayana akiba ya kuvumilia kipupwe kingine kama kile cha ndoo. Mama aliishi kaskazini na mdogo wake Bi Kinyaa, fundi wa kuchomelea mageti. Kusini hakupapenda. Nyumba ya binti yake ilikuwa ghorofani, na majirani walipishana kwenye ngazi bila hata salamu. "Mnakaa kama vitabu kabatini," alisema. Alikubali kushuka mwaka mmoja tu, baada ya kusikia redioni kwamba kipupwe kitakuwa chini ya kawaida. Na aliyeusoma utabiri ule redioni alikuwa binti yake mwenyewe, kwa sauti yake, kama alivyousoma kila msimu.

Sasa mwaka ninaousimulia, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Bahari ilichemka, na theluji ya bara la mbali ikawahi.

Mkutanoni aliyeanza ni Mtu wa Bahari. Hilo lilikuwa jina la mtaalamu wa bahari, bwana mnene mwenye mizaha, ambaye hakuna jambo chini ya mbingu asilolitafutia chanzo majini. "Waheshimiwa," alisema, "bahari imepata homa. Mwaka huu mablanketi tuwagawie maskini."

"Wewe na bahari yako," Bi Kinyaa akamwambia. "Hata mafua utasema yametoka baharini."

"Si yana maji, dada?"

Watu wakacheka, naye akacheka, kwa sababu Mtu wa Bahari hakuwa mbaya na kuhusu kusini alikuwa amesema kweli tupu. Kisha Bi Kinyaa akasimama, akatandaza ramani. Akawaonyesha theluji ilipofika. Akawaonyesha mkanda wa upepo ulivyolegea na kupindapinda. Akasema kaskazini kutakuwa na baridi ambayo vijana wengi hawajawahi kuiona, kusini kutakuwa na joto, na kwamba wananchi wapewe maneno mawili, kila upande lake.

Wakati wote huo Mkurugenzi alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Alikichomoa, akakitazama, akaona alichokitoa, wala hakukifuta. Akakinyoosha juu ya ramani.

"Hapa baridi," akasema, akagusa kaskazini. "Hapa joto," akagusa kusini. "Ukijumlisha baridi na joto unapata nini?"

"Unapata watu wawili, Mkurugenzi. Mmoja anaganda, mwingine anatoka jasho."

"Unapata kawaida."

"Hakuna mtu anayeishi kwenye wastani."

"Wizara inaishi huko," Mkurugenzi akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Kinyaa hakucheka. Alikuwa anaitazama ramani yake. Kwenye nyanda za juu, karibu kabisa na mji alikozaliwa, palikuwa na doa dogo la nta ya njano.

Baada ya watu kutoka, Mkurugenzi alimzuia mlangoni. Alikuwa na harufu ya mafuta ya nywele na ya chai iliyokaa. Akamwambia kwa upole, maana upole wake ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwamba yeye binafsi anamwamini. Lakini Idara hupimwa kwa utabiri mmoja wa nchi nzima, na kwa misimu mingi mfululizo haijakosea. Maneno mawili yangeonekana kama Idara haina hakika.

"Na nisiposoma?" Bi Kinyaa akauliza.

"Usiposoma, atasoma Mtu wa Bahari, nami nitamwachia neno lake. Juu ya kawaida. Nchi nzima iambiwe joto, na hao watu wako wa kaskazini wakauze makoti. Wewe ndiye unayeamua."

Heri nusu shari kuliko shari kamili, wahenga walisema, na methali hiyo imewapa watu wengi usingizi ambao hawakustahili. Bi Kinyaa akapiga hesabu yake. Kawaida ni uongo, lakini ni uongo mdogo kuliko joto. Angeusoma. Kisha angempigia mdogo wake simu ampe ukweli wenyewe, mama ashushwe, na mambo yaishe kimyakimya kindugu. Simu ingerekebisha. Alipokuwa anashuka ngazi alijua kwamba nyumba nyingi kaskazini hazina dada katika Idara, na wazo hilo akalipisha haraka, kama mtu anavyopita kando ya paka aliyekufa barabarani.

Studio ya redio ilikuwa chumba kidogo kisicho na hewa. Sifongo iliyovalishwa maikrofoni ilinuka mate ya wote waliowahi kuisogelea, wahubiri na wanasiasa na watangazaji wa mpira. Alisoma akiwa amebana pumzi. "Kwa ujumla," alisoma, "kipupwe cha mwaka huu kinatarajiwa kuwa cha kawaida nchini." Mtangazaji akamwinulia kidole gumba. Alipotoka alinawa mdomo kwenye bomba la uani, akanawa tena.

Alimpigia mdogo wake kabla hajafika nyumbani. "Mshushe mama," akamwambia. "Wiki hii. Kutakuwa na baridi mbaya."

Upande wa pili mashine ya kuchomelea ilizimwa. "Dada, tumetoka kukusikia sasa hivi hapa. Umesema kawaida."

"Achana na nilichosema. Sikiliza ninachokwambia."

"Mimi nitakusikiliza. Kamwambie mama, mwenye redio yake."

Akapanda mwenyewe, mwisho wa wiki. Mama alikuwa jikoni, kwenye kiti kifupi, anachagua mchele. Alikuwa amekonda shingo lakini macho yalikuwa yaleyale, ya mtu ambaye amekwisha kukuona hujafika. Redio ilikuwa rafuni juu ya kichwa chake, imefunikwa kitambaa alichokidarizi yeye. Akamkaribisha, akamlaumu kwa kukonda, akamuuliza kama kule ghorofani watu wameanza kusalimiana. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akasema, "Mdogo wako ananiambia mmekula njama ya kunihamisha."

"Mama, mwaka huu baridi itakuwa kali."

"Redio imesema kawaida."

"Redio nilikuwa mimi."

"Ndiyo maana nimeamini." Mama akatupa kijiwe nje ya dirisha. "Mwanangu, wewe una hofu juu yangu tangu una meno ya utoto. Kila mwaka ukinipigia simu baridi inakuja, hata miaka niliyokaa na kanga moja. Nimeshajifunza. Hapa jikoni wewe ni mwanangu. Kule redioni wewe ni serikali. Mwanangu ananipenda mno, hawezi kuniambia kweli. Serikali hainijui, kwa hiyo ndiyo ninayoisikiliza."

Mdogo wake, aliyekuwa ameegemea mlango, akacheka mpaka akakohoa. Bi Kinyaa alijaribu kucheka pia. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno alikuwa nayo: Mama, niliwadanganya. Nilisimama nikawasomea watu jambo nisiloliamini kwa sababu niliogopa lingine baya zaidi. Akafungua mdomo.

"Ile niliyosoma, mama, haikuwa kweli yote."

Ungo ukasimama. Mama akamtazama, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Bi Kinyaa hakuwahi kukiona hapo, kitu kama woga. "Usiseme hivyo," mama akasema polepole. "Hata kwa mzaha. Mimi nilijaza magodoro mpaka kifua kikaziba ili wewe ukajue mambo hayo. Mtaa mzima unanyamaza ukisoma. Mwanangu hawezi kuidanganya nchi nzima ili akubaliwe na wakubwa zake."

Bi Kinyaa akanywea. Akainama, akachagua mchele naye. Alijichukia kwa kinyaa kile kile alichokuwa nacho kwa kifuniko cha kalamu, ila hiki hakikuwa na leso ya kukishikia. Kesho yake akarudi kusini peke yake.

Kipupwe kikaingia. Kusini watu walikaa madirisha wazi. Mkurugenzi alivaa shati la mikono mifupi, akawasha feni, na kila alipokutana na Bi Kinyaa kwenye korido alijipepea kwa faili na kumuuliza, "Iko wapi ile baridi yako, dada?" Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alikuwa anamjua, takwimu za kaskazini zilikuwa zinapita mezani kwake kila asubuhi, na bado anauliza. Faili lile lilimpeperushia Bi Kinyaa harufu ya kwapa lake.

Kaskazini mdogo wake alipiga simu mara ya kwanza kusema nyasi zimekuwa nyeupe alfajiri. Mara ya pili alisema bomba la uani limepasuka. Alikuwa ameziba madirisha kwa maboksi na kuhamishia kitanda cha mama jikoni karibu na moto, lakini moshi nao haukuwa rafiki wa kile kifua. "Sasa anataka kushuka?" Bi Kinyaa akauliza. Mdogo wake akasema mama anasisitiza kwamba ni wimbi tu la siku mbili tatu, litapita, si kipupwe ni cha kawaida? Kisha barabara ya mlimani ikashika barafu, mabasi yakasimama, na hata angetaka kushuka njia ikawa haipo.

Simu ya tatu mdogo wake aliianza bila salamu. Alilia kidogo, kisha akasema wako hospitali.

Barabara ilipofunguliwa Bi Kinyaa alipanda na gari la kwanza. Wodi ilikuwa imejaa. Vitanda vimesogezwa mpaka vinagusana, wazee wawili wawili, na harufu ya dawa, jasho na makohozi ilikuwa ya kukata kwa kisu. Wengine walikuwa wamelazwa sakafuni, na mmoja wao alikuwa mwalimu wake wa darasa la tatu. Mama alikuwa na mrija wa oksijeni puani, midomo imebadilika rangi. Alikohoa, na kilichotoka hakuwahi kukitemea kikoponi. Bi Kinyaa alikipokea kwa kiganja chake kitupu, akakiangalia kama kina damu, akanawa, akarudi kumkalia karibu. Hakusikia kinyaa hata chembe. Alishangaa mwenyewe. Alikaa pale mpaka mama alipoanza kusema maneno mawili kwa pumzi moja, na daktari akasema atapona, ila mapafu aliyokuja nayo hatarudi nayo nyumbani. Kutoka kitandani hadi mlangoni sasa kungekuwa safari.

"Na kipupwe kingine kama hiki," daktari akawaambia yeye na mdogo wake pembeni, "msinitafute mimi. Tafuteni kaburi. Mwakani ikionekana dalili tu ya baridi, awe ameshashuka."

"Atashuka," mdogo wake akasema. "Safari hii amejionea mwenyewe."

Alirudi kazini msimu ukiwa umeisha, akakuta keki.

Ilikuwa juu ya meza ya mkutano, imepakwa krimu nyeupe iliyoanza kuyeyuka kwa joto, na nzi mmoja amekwama ndani yake anapiga bawa. Takwimu za msimu mzima zilikuwa zimekamilika. Kaskazini ilikuwa chini, chini sana. Kusini ilikuwa juu, juu vilevile. Zilipojumlishwa na kugawanywa, nchi iliangukia katikati ya kawaida, mahali pake hasa, kama vile msimu wenyewe umesoma utabiri ndipo ukaja. Hata Mkurugenzi hakuwahi kupatia kwa karibu namna ile. Wizara ilikuwa imetuma pongezi.

"Huyu hapa!" Mkurugenzi akaita. "Mkatieni kipande kikubwa, maana sauti ilikuwa yake!" Akakata mwenyewe, krimu ikamganda kidoleni, akakilamba kidole chote mpaka kwenye pete, kisha kwa kidole hicho hicho akamsukumia kipande kwenye sahani.

Mtu wa Bahari alikuwa amesimama dirishani, hajala. Alimtazama Bi Kinyaa, akatikisa kichwa taratibu, akaangalia viatu vyake.

Bi Kinyaa hakuigusa sahani. "Wamekufa watu," akasema.

"Kila kipupwe wazee hufa," Mkurugenzi akasema, bado na upole. "Hilo nalo ni la kawaida."

Basi hapo ulimi ulifunguka. Alimwambia kwamba amekaa miaka akiogopa vikombe vya ofisi hii na kumbe uchafu ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mbele umevaa tai. Alimwambia kwamba tangu siku ya ramani hawezi kufumba macho bila kuona kile kifuniko cha kalamu, na kwamba keki hii anayoilamba ni ya matanga. Alimwambia pia, na hapa sauti ilimpungua, kwamba yeye mwenyewe hana usafi wa kumsema mtu, kwa sababu alisoma. "Lakini tathmini ya msimu redioni sisomi," akamalizia. "Mtafute mwingine wa kuwaambia watu kwamba hawakuona baridi."

Mkurugenzi akafuta mdomo. "Si lazima usome," akasema. "Umechoka. Nenda kamwone mama."

Akaondoka siku ile ile. Garini alijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Alikuwa amekataa. Alikuwa amesema. Alipanga jinsi atakavyomweleza mama yote bila kupunguza, ungo uwepo usiwepo, na jinsi mama atakavyosema haya, basi, mwakani tutashuka mapema, nikasalimiane na hao majirani zako kwa nguvu.

Alimkuta ameketi kitandani, amevikwa sweta mbili, redio ndogo ya mdogo wake imelazwa kwenye mto. Wodi ilikuwa imepungua watu. Mwalimu wa darasa la tatu hakuwepo, na Bi Kinyaa hakuuliza yuko wapi. Mama alipomwona alitabasamu kwa uso mzima, akampapasia nafasi ya kukaa.

"Wamekutaja," mama akasema. Alipumzika, akavuta hewa. "Sasa hivi, kwenye habari. Mtangazaji amesema Idara imepatia sawasawa, na sifa zimwendee mtabiri wa kipupwe. Hakusema jina, lakini wodi nzima inajua ni wewe. Hata nesi amepiga makofi."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, pumzi ni yangu." Akamshika mkono. "Wamesema kimekuwa kipupwe cha kawaida, wamepima kila mahali. Nami huku nilikuwa naulaumu upepo. Kila usiku naulaani. Kumbe wenzetu wamepita salama, ni sisi wazee wa wodi hii tu tuliooza." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, wakasubiri kiishe. "Si kitu. Mtu akijua ugonjwa wake ni uzee hahangaiki. Mwambie mdogo wako asinihamishe mwakani wala asizibe madirisha. Nikiugua kwenye kipupwe cha kawaida, kunipeleka ghorofani kutasaidia nini? Nitabaki kwangu."

"Mama, sikiliza. Ilikuwa baridi. Haijapata kutokea baridi kama hii tangu ile ya ndoo. Haukuwa mwili wako. Ulikuwa upepo, nilijua unakuja, na nikasoma nilichoambiwa nisome."

Alisema yote, kwa sauti ya kusikika hadi vitanda vya jirani. Alieleza theluji na mkanda wa upepo na bahari, akaeleza kujumlisha na kugawa, akaeleza keki. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa subira, akimsugua vidole vilivyokuwa baridi kutokana na safari. Kisha akamvuta kichwa akamlaza begani kwake, juu ya zile sweta mbili, na Bi Kinyaa akasikia kifua kile kikipiga mluzi sikioni mwake.

"Najua, mama," mama yake akamwambia, akimwita kama wanavyoitwa watoto wadogo wa kike. "Hapa wewe ni mwanangu."

Akanyoosha mkono wa pili kwenye mto, akaongeza sauti ya redio.